Sema Rangi ya Maji

Saa mbili asubuhi mashua yetu ilikaa juu ya mchanga, upande wa pili wa kisiwa cha Toten, na haikuondoka hapo mpaka saa saba mchana. Hakuna aliyeumia, wala hakuna kilichovunjika. Lakini katika miaka yote niliyotembea na tanga ndani ya ghuba ya Tanga, siku hiyo ndiyo inayonirudia usiku nikikosa usingizi, kwa sababu tulikwama kwa neno langu mimi, na neno lenyewe halikuwa kweli.

Nilifanya kazi bandarini Tanga kuanzia mwaka 1987 hadi nilipostaafu mwaka 2021, na sehemu kubwa ya miaka hiyo 34 nilikuwa karani wa kuhesabu shehena. Vijana wa sasa wanaona meli zinafunga gatini moja kwa moja, kwa kuwa kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13. Zama zetu haikuwa hivyo. Meli ilitia nanga mbali, katikati ya ghuba, mzigo ukateremshwa kwenye matishari, vyombo bapa vya kubebea shehena, tagi zikayavuta matishari hadi gatini, na hapo mzigo ukapandishwa upya. Kila kitu kilibebwa mara mbili, na kila kilipobebwa alikuwapo mtu na kitabu chake na kalamu: robota za katani zinazotoka, magunia yanayoingia. Mtu huyo ni mimi. Nilichokiona ndicho nilichoandika, na nikishaandika, basi. Manahodha wa meli za nje waligombana na hesabu zangu mara nyingi, na mwishowe wakazitia sahihi.

Kwa hiyo nusu ya umri wangu nimeupitisha juu ya maji, lakini bahari sikuwa naijua. Niliijua kama mpagazi anavyoijua nyumba ya tajiri: mlango wa nyuma, ngazi, na ghala. Toten nilikitazama kila siku kutoka kwenye tishari, kile kisiwa kidogo mbele ya mji ambacho Wajerumani walikipa jina la wafu, chenye magofu na makaburi yake ndani ya kichaka, na sikuwahi kukikanyaga.

Nilipopata mafao, kila mtu alikuja na ushauri wake. Nunua bajaji mbili. Fuga kuku. Jenga vyumba vya kupangisha Pongwe. Vyumba nilijenga, vitatu, na vinanisaidia mpaka leo. Lakini baada ya miezi sita ya kukaa barazani nikaanza kuona mwili unalegea. Presha ikapanda. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya kazi, navaa, halafu nakaa kitandani nimevaa viatu, sina pa kwenda. Mke wangu aliniona hivyo siku nyingi kabla hajasema lolote. Siku aliyosema, alinipa kikapu: "Nenda Deep Sea ukalete samaki. Usilete wa jana."

Nikaenda, na kesho yake nikaenda tena. Pale Deep Sea alfajiri ndipo nilipomkuta Nahodha, amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anasikiliza vyombo vinavyoingia. Nasema anasikiliza kwa kuwa alikuwa haoni, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Mwanga alikuwa anauona, na kivuli cha mtu aliyesimama mbele yake, basi. Hata hivyo chombo kikikaribia alikitaja mwenyewe kwa mlio wa tanga na kwa sauti za mabaharia. Wakati huo alikuwa na miaka 76. Ujanani alipeleka majahazi Pemba na Mombasa, nazi na chumvi na mbao. Alipoambiwa mimi ni nani, alisema, "Ah, karani." Jina hilo likabaki. Hajawahi kuniita lingine.

Mashua niliinunua mwaka 2022 kwa mvuvi aliyehamia kwenye boti la faiba lenye mashine. Ina futi 18, mlingoti mmoja, foromali ya mti mwepesi, ule unaobeba tanga, na tanga lenye viraka. Watu walipouliza naenda kuvua nini, nikawajibu sivui, natembea. Jibu hilo liliwasumbua. Kwetu bahari ni kazi. Anayetembea baharini kwa kutembea tu ni mzungu wa pale klabu ya mashua Raskazone, au mtoto mtoro. Mvuvi mmoja aliniuliza mara tatu kwa siku tatu, akidhani namficha penye samaki. Sasa wamezoea. Wengine wamenipa mishipi ya bure, nami navua kidogo ili kuwaridhisha.

Nahodha alikubali kunifundisha kwa sharti moja. "Mimi nitashika usukani," alisema, "wewe utashika macho."

Ndivyo tulivyoanza. Yeye amekaa tezi, nyuma ya chombo, mkono kwenye kana, ule mpini wa usukani, kofia amevua ili upepo umguse kisogoni. Mimi nimesimama omoni, mbele ya chombo, nimeshika mlingoti, natazama mbele na kusema. Alinifundisha kutaja rangi kabla hajanifundisha fundo hata moja. Buluu iliyokolea, hapo kuna kina, pita. Kijani cha jani bichi, mchanga uko chini, maji yanakutosha lakini angalia. Kijani kinachoanza kuwa kama maziwa, geuza upesi. Kahawia au weusi wa mabaka, hayo ni matumbawe au nyasi, na lazima ujue ni lipi kati ya hayo mawili, kwa kuwa nyasi zinakubembeleza na matumbawe yanakupasua. Alikuwa akiniuliza kila baada ya dakika moja: "Sema rangi ya maji." Nikichelewa anauliza tena. Nikisema "kijani", anauliza, "Kijani gani?" Nilidhani najua rangi. Kumbe nilikuwa na maneno manne tu, na bahari ina arobaini.

Kuna kitu kingine ambacho mtu wa gatini hakijui: rangi ina saa zake. Jua likiwa chini mbele yako, maji yote ni bati linalong'aa, huoni chochote. Rangi inasomeka jua likiwa juu au nyuma yako. Ukitoka alfajiri kuelekea kunakokucha, macho hayakusaidii. Hapo unakwenda kwa alama za nchi kavu, ukipanga kitu kimoja na kingine mpaka vikae mstari mmoja.

Siku ile ya Toten mwezi ulikuwa kumi na sita kwa hesabu ya mwandamo, bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Tulitoka saa kumi na mbili na upepo wa umande, ule unaoshuka kutoka bara alfajiri na kukusukuma nje taratibu. Maji yalikuwa yanapwa tangu kabla ya swala. Tulitaka kuzunguka kisiwa halafu tuvuke kwenda Chongoleani kwa ndugu zake Nahodha. Tulipofika nyuma ya Toten, jua lilikuwa limechomoza na kunipiga usoni. Nikamwambia rangi sioni, bati tupu.

"Basi tafuta mbuyu," akasema. "Uko ng'ambo, nchi kavu, umesimama peke yake. Ukikaa kwenye ncha ya kisiwa, wewe uko mlangoni. Niambie."

Nikatafuta mbuyu. Niliona mikoko, minazi, bati za nyumba, moshi wa mtu anayechoma kitu shambani. Mbuyu sikuuona. Nikanyamaza, nikaendelea kutafuta.

"Umeuona?"

Sasa mtu ataniuliza kwa nini sikusema sioni. Nimejiuliza sana mwenyewe. Nilikuwa na miaka 61. Kwa miaka 34 watu waliniuliza "mangapi?" nami nikawapa namba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikia nikisema sijui. Hata pale nilipopoteza hesabu katikati ya mvua, nilirudi nyuma kimyakimya, nikahesabu upya, nikatoka na namba. Neno "sioni" lilikuwa halina njia ya kunitoka kinywani. Palikuwa na mti mkubwa mmoja kule ng'ambo, mwembe labda. Nikautazama huo.

"Naam, nauona."

"Umekaa?"

"Umekaa."

Akasukuma kana. Mashua ikageuka, ikaenda kama pima ishirini, kisha nikasikia chini ya miguu mlio kama wa mtu anayesaga mahindi nyumba ya pili. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, uliingia mchangani pole kabisa. Tanga lilibaki limejaa upepo, na sisi hatwendi.

Nahodha hakunigombeza. Aliniambia nishushe tanga. Akauliza mwezi ngapi, nikasema kumi na sita. Akahesabu kwa vidole. Pwani yetu hii, bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, mnamo saa kumi na saa kumi na moja, na hukauka saa nne na saa tano. Kila siku inayofuata yanachelewa kiasi cha dakika 50. Ukishika hilo na tarehe ya mwezi, huhitaji kitabu. "Yatakauka saa nne na nusu," alisema. "Tumekaa saa mbili. Basi tutaelea saa saba." Na kweli ilikuwa saa saba na dakika chache.

Halafu alinieleza nisilosahau. Ukikwama maji yanajaa, ni dakika tu, kaa, bahari itakunyanyua. Ukikwama yanapwa, ni saa kadhaa, tulia. Lakini ukijipandisha mchangani kwenye kilele cha bamvua, wakati maji yamefika pale yanapofika mara mbili tu kwa mwezi, hapo chombo umekiacha, kwa sababu kesho maji hayatafika hapo, wala keshokutwa. Utangoja bamvua nyingine, nusu mwezi, na mawimbi yatakuwa yanakipiga ubavuni siku zote hizo.

Akanipa kazi. Nilishuka, maji magotini, nikaibeba nanga mpaka upande wenye kina nikaichimbia, ili maji yakirudi yasitusukume juu zaidi ya fungu la mchanga. Nikatia magadi, yale magongo mawili ya kuegemeza chombo kisilale ubavu. Nikafua maji yaliyokuwa yamebaki ndani. Zote hizo alizitaja moja moja, pasipo kupandisha sauti, naye amekaa tezi anatafuna karafuu.

Tulipomaliza, bahari ilikuwa imekwenda mbali. Tumekaa katikati ya uwanja wa mchanga wenye mikunjo kama kitambaa kilichokamuliwa. Wanawake walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka pwani, kanga zimefungwa juu ya magoti, wana vijiti vya pweza na vikapu. Walitusalimia. Mmoja alimfahamu Nahodha, akasimama kuzungumza naye habari za msiba wa mtu fulani. Mkono wake ulikuwa umeshika kijiti, na akiwa anazungumza hivyo hivyo alikichomeka kwenye tundu lililokuwa karibu na mguu wangu, tundu ambalo mimi nililiona kama tundu lingine lolote, akavuta pweza. Hakukatisha hata sentensi.

Walipokwisha kwenda, Nahodha akauliza, "Karani. Mbuyu uliuona?"

Nilikaa kimya muda mrefu.

"Sikuuona, Nahodha."

"Nilipokuuliza mara ya kwanza ulinyamaza," alisema. "Ulipaswa kubaki hapo hapo." Kisha akasema, "Mimi sioni, na chombo kinajua kwamba sioni. Tunakwenda hivyo. Lakini wewe ukisema unaona na huoni, chombo hakina jicho hata moja."

Tukala chapati, tukangoja. Maji yakarudi kwa mifereji midogo kwanza, kama mtu anamwaga ndoo mbali, kisha fungu lote likalowa kwa mara moja.

Tangu siku hiyo nimesema "sioni" mara nyingi kuliko nilivyosema katika maisha yangu yote ya nyuma. Mwanzoni lilikuwa linanikwaruza kooni. Kila tulipopita nyuma ya Toten, Nahodha aliniuliza mbuyu, nami nikamjibu, "Sioni, Nahodha." Alisikitika, akasema uko pale, hujaupata tu, macho yako ni ya vitabu. Tukatumia alama nyingine niliyoipata mwenyewe, mnazi ulioinama na paa jekundu, na alama hiyo haijatuangusha. Lakini yeye hakuikubali moyoni. Aliivumilia.

Mashua nayo ilikuwa na uongo wake. Muuzaji aliipaka rangi ya buluu nzuri kabla ya kunionyesha. Tulipoipandisha pwani mara ya kwanza ili itiwe kalafati, yaani izibwe maungio ya mbao zake, fundi hakuitazama ile rangi hata kidogo. Alichukua mpini wa nyundo akawa anagonga ubao mmoja mmoja, kutoka omo mpaka tezi, kichwa ameinamisha. Ubao mzima unalia. Ubao uliooza unanyamaza. Alipofika karibu na mkuku upande wa kushoto, mlio ukakatika. Akagonga tena, akanipa mpini nigonge mwenyewe. Tofauti niliisikia mpaka kwenye kiwiko. Aliweka ncha ya patasi akasukuma kwa kidole gumba tu, ikazama. Mbao mbili zilibadilishwa, na taruma moja, ule ubavu wa ndani wa chombo. Kwa taruma alikwenda kutafuta tawi la mwembe ambalo limejipinda lenyewe, akanieleza kwamba ukikata mti ulionyooka ukaulazimisha kupinda, siku moja baharini utakumbuka unyoofu wake.

Kazi ya kalafati ninaipenda kuliko nilivyotarajia. Unachokora pamba ya zamani kwenye maungio, unasokota mpya, unaipaka mafuta, unaipigilia kwa patasi butu. Si ngumu, si laini. Ikiwa ngumu sana, mbao zikilowa zikavimba zinasukumana na misumari inalegea. Ukimaliza, chini ya chombo panachomwa kwa makuti yanayowaka, ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, halafu panapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Harufu yake inakaa kwenye nguo wiki nzima. Mke wangu alinitengea shati na suruali za kazi hiyo, na msumari wake wa kuzitundika uko nje, ukutani kwa jirani.

Gharama sitazieleza sana. Kalafati mara mbili kwa mwaka, kamba, tanga jipya nililoshonesha mwaka 2023, vyote kwa jumla havijafika nusu ya kile jirani yangu anachomwaga kwenye gari lake bovu. Ila usinunue kamba rahisi. Ya kwanza niliyoipandishia foromali ilikatika na foromali ikashuka juu ya mkono wangu. Kidole cha pete mpaka leo hakikunji sawasawa.

Mwaka wangu sasa una majina mengine. Zamani niliugawa kwa malipo na likizo. Sasa Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa jua na joto, mzuri kwa mtu wa umri wangu kwa kuwa hauna hila. Aprili maji yanatulia, mvua za masika, chombo tunakipandisha. Juni mpaka Agosti ni kusi lenyewe, upepo mkali wa kusini, mawimbi yanapanda mlangoni mwa ghuba karibu na kisiwa cha Ulenge, na sisi hatuvuki mnara wa taa, tunacheza ndani. Kisha inakuja demani, upepo unapungua makali, maji yanasafika, na hapo natamani siku ziwe ndefu mara mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, sitoki, hata kama mbingu iko safi juu ya paa langu. Mei 2024 waliposema Kimbunga Hidaya kinakuja, tuliikokota mashua mpaka ndani ya mikoko tukaifunga kwa kamba nne. Kilipiga zaidi upande wa Mafia, lakini sijutii hata fundo moja.

Dawa za presha nazibeba kwenye kidumu chenye mfuniko mpana, pamoja na simu na kiberiti. Jaketi okozi navaa tangu pwani, si mpaka nione wimbi. Mwili wa miaka sitini ukitumbukia hauna muda wa kutafuta mikanda. Na sitoki kabla mke wangu hajaandika. Alichukua kimoja cha vile vitabu vyangu vya kuhesabia shehena ambacho kilikuwa na kurasa nyeupe, akaweka safu tatu: saa ya kutoka, upande tunaoelekea, saa ya kurudi. Ikipita saa moja juu ya ile tuliyosema, anampigia simu kijana wa Deep Sea mwenye boti la mashine. Amepiga mara mbili tu. Mara zote mbili tulikuwa tumekosa upepo tunapiga kasia, lakini nilifurahi kuona boti linakuja.

Yeye ni Msambaa wa Lushoto. Bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka 22, na aliapa hatapanda. Demani ya mwaka 2023 alipanda, kwa ajili ya mjukuu wetu aliyekuwa analilia kwenda nasi. Nikawapeleka kwenye mdomo wa Mto Zigi, ndani ya mikoko. Huko hakuna wimbi. Unaingia maji yanapojaa, na huhitaji kasia wala tanga, mkondo wenyewe unakuchukua kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tukafunga tanga. Hapo ndipo unasikia mikoko: inatoa milio midogo ya kupasuka, mamia kwa mamia, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Ni viumbe wadogo wa matopeni, na matope yanayofunga mashimo yake. Mdiria mmoja alikuwa anatutangulia, anakaa kwenye tawi, anangoja tumkaribie, anaruka mbele. Mjukuu aliona tunda la mkoko linaning'inia, refu, la kijani, na ncha yake chini kama mkuki. Likadondoka mbele ya macho yetu, likazama kidogo, likaibuka limesimama wima majini, likaanza kusafiri na sisi upande ule ule. Akalifuata kwa kidole mpaka likapotea kwenye kivuli. Mke wangu hakusema kitu kwa nusu saa. Kisha akamimina tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai, akanipa mimi kwanza.

Tulipofika pale maji yaliposimama, tukala. Yalipogeuka, nasi tukageuka. Nilimwambia kwamba kwa miaka 34 sikuwahi kungoja kitu bila kukasirika, ila hapa nangoja nikiwa na furaha. Akasema ameshaliona hilo.

Nahodha alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka 2025. Watoto wake walichanga, nami nikatia changu. Jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya wiki chache. Alikatazwa kwenda baharini mpaka vidonda vipone, na alitii, akawa anakaa Deep Sea na miwani nyeusi, anatazama vyombo bila kuvitaja majina, kana kwamba ameona aibu kuvitambua kwa njia rahisi. Nilikwenda kumwamkia kila asubuhi. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nilidhani sasa hatanihitaji.

Tulitoka asubuhi moja ya demani. Safari hii mimi nilishika usukani, na yeye akasimama omoni ameshika mlingoti, mahali pangu. Hakutaja rangi yoyote. Alikuwa anageuza kichwa taratibu, huku na huku, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta samani zimehamishwa. Aliyaangalia magati mapya. Aliniuliza lile tangi kubwa ni la nini. Tukapita Toten, jua likatupiga usoni, maji yakawa bati.

Nilisubiri. Nikamwona ameweka kiganja juu ya macho, anatazama ng'ambo. Akatazama sana. Akashusha mkono, akafuta macho kwa ncha ya shuka, akatazama tena.

"Nahodha," nikasema, "mbuyu umeuona?"

Upepo ulikuwa mdogo. Mashua ilikwenda pima kadhaa kabla hajajibu.

"Haupo," akasema. "Sioni."

Alibaki amenipa mgongo. Nikapunguza tanga ili tusisogee upesi, na sikusema neno, kwa kuwa mti ule yeye alikuwa amepita nao tangu yuko kijana, na kwa miaka ambayo hata sisi wawili hatuijui alikuwa ameushika peke yake gizani. Baadaye akanyoosha mkono, si kwa haraka.

"Ule mnazi wako ulioinama ni upi?"

Nikamwonyesha.

"Na paa?"

"Lile jekundu, kushoto kwake."

Akavipanga kwa jicho, kimoja na kingine, midomo inacheza kidogo kama anayehesabu.

"Bado," akasema. "Bado. Haya, vimekaa. Geuza, Karani."